Mashine Niliyoifundisha Kusalimia

Vijana, ikitokea siku moja mteja akakusifu kwamba mashine yako ina adabu, usicheke. Muulize imemwambia nini. Mimi nilicheka, tena hadharani, gulioni Runazi, na kicheko kile kilimpotezea mama mmoja wa Nyamigogo nusu ya shamba lake la muhogo. Nitafika huko. Kwanza mnijue, msije mkadhani mnafundishwa na mtu mwenye akili nyingi.

Naitwa Venanti. Nilizaliwa Mbuba, huko Ngara, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikaoa Runazi nikabaki Runazi. Watu huniita Fundi. Jina hilo limenifuata kutoka redio hadi simu, kutoka simu hadi kompyuta, kama mbwa asiyejua kwamba mwenye nyumba amehama. Nilipoanza kutengeneza tovuti nilikuwa na mvi tayari. Sikwenda chuo. Nilijifunza kwa kuharibu, na bahati yangu ni kwamba wateja wangu wa mwanzo nao hawakujua tovuti nzima inafananaje.

Ninachotaka kuwaambia kinahusu ile sehemu ya kazi ambayo mteja haioni, yaani kuilinda tovuti ikishasimama. Siku ya kuisimika ni siku nyepesi. Ukurasa unafunguka, mwenye tovuti anaiona picha ya ofisi yake, mnapeana mikono, mnakunywa soda. Baada ya hapo tovuti inakuwa kama mbuzi uliyemwacha malishoni kwa jirani. Kama hukuweka utaratibu wa kupata habari zake, utakuja kuonyeshwa ngozi.

Utaratibu wangu wa kwanza ulikuwa chai. Kila asubuhi, maji yakiwa jikoni, nilichukua simu nikafungua tovuti za wateja moja baada ya nyingine. Ikifunguka, nasema hii iko hai, napiga funda. Nilijiona daktari anayepita wodini. Ndipo mwalimu wa shule moja ya sekondari akanipigia.

"Fundi, tovuti yetu imepotea."

"Haijapotea, mwalimu. Ninaiangalia hapa."

"Unaiangalia wapi?"

"Kwenye simu yangu."

"Basi tuletee hiyo simu, maana wazazi wote wanaitafuta."

Simu yangu ilikuwa imehifadhi ukurasa wa zamani, na kila asubuhi ilinionyesha huohuo. Nilikuwa kama mtu anayemjulia hali jirani kwa kutazama picha yake ukutani. Tovuti ilikuwa imelala karibu wiki nzima, na chai nilikuwa nimeinywa yote.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni Asteria, binti wa kwetu Mbuba ambaye anatunza seva, zile kompyuta zinazobeba tovuti za watu, mjini Ngara. Kwa umri ni mwanangu, kwa kazi mimi ndiye mtoto. Alinielekeza kuandika programu ndogo, mlinzi, ambayo kila baada ya dakika chache inabisha hodi kwenye tovuti, na isipojibiwa inatuma meseji. Nikaiandika, nikajivuna, nikampa aikague. Akanipigia.

"Shikamoo, Mzee Venanti."

"Marahaba, mwanangu. Umemwona mlinzi wangu?"

"Nimemwona. Analala wapi?"

"Kwenye seva ileile ya tovuti. Nimemweka karibu na kazi."

"Nyumba ikiungua?"

"Atapiga kelele."

"Ataungua nayo, mzee. Ndiyo maana mlinzi anakaa nje."

Nikamhamishia kwenye seva nyingine. Asteria akaniongezea somo la pili: mlinzi asiridhike kwa kubisha hodi tu. Nyumba inaweza kuwa na mlango mzuri wakati jikoni moto umezimika. Kama tovuti ina fomu ya kujaza, mlinzi aijaze kwa majaribio, kisha achungulie kama alichojaza kimehifadhiwa. La tatu lilikuwa kuweka mwandishi wa hitilafu, yaani programu inayoandika kila mahali tovuti ilipojikwaa, ili fundi asije akaanza kazi kwa kupapasa gizani.

Yote hayo nilikuwa nikiyafanya kwa mkono. Nikasimika tovuti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila moja nikaisahaulia kitu. Hii haina mwandishi, ile mlinzi wake anabisha kwenye anwani iliyokwisha kuhama. Mwishowe nikaandika skripti moja ya kufanya kila kitu. Ukimaliza kusimika tovuti unaiita, inakuuliza jina la tovuti, anwani yake na namba ya simu ya mwenyewe, kisha inamweka mlinzi nje, inamkalisha mwandishi ndani, inajijaribu yenyewe na kukuandikia "tayari". Kazi iliyokuwa ikinila siku mbili ikawa inakwisha kabla yai halijaiva.

Sikilizeni hapo, maana ndipo penye sumu. Ukikosea kwa mkono, unakosea mara moja. Ukikosea ndani ya skripti, unakosea kila unaposimika, tena kwa haraka na kwa mpangilio mzuri. Mimi nilisahau kufuta ndani yake namba niliyoijaribia, ya mteja wa kwanza, mama mwenye nyumba ya wageni mjini Biharamulo. Mama yule akaanza kupokea maradhi ya tovuti zote za wilaya. Alinivumilia, mpaka siku aliponipigia na kusema kwa upole kabisa, "Fundi, nimeambiwa zahanati haijibu. Sasa mimi nifanyeje? Niwapelekee mashuka?"

Nikarekebisha, nikacheka. Nimecheka sana katika kazi hii, kuliko ilivyofaa.

Sasa ushirika. Sisi wakulima wa muhogo wa Runazi na Nyamigogo tulikuwa tumepigwa na ugonjwa wa batobato. Majani yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya njano, na ukichimba unakuta mizizi kama vidole vya mtoto. Dawa yake ni kung'oa, kuchoma, na kupanda pingili safi kutoka shamba la mbegu. Ushirika ukapata mahali pa kuzichukua, na mimi nikautengenezea tovuti ambayo mwanachama anaandika jina na ukubwa wa shamba, anabonyeza, oda inaingia. Asiye na simu kubwa anaazima ya jirani. Siku ya kufunga oda ikipita, lori linakuja na mzigo wa walioagiza tu, kwa sababu pingili ikikatwa inaanza kukauka, haingoji mtu ajifikirie.

Mwenyekiti ni Mzee Ildefonsi, mwalimu mstaafu, mkubwa wangu kwa miaka mingi, mwenye simu ya kitochi ambayo hajawahi kufuta meseji hata moja. Skripti ilipouliza namba ya kupokea taarifa, nikaweka yangu na yake. Hitilafu ya kwanza ilipotokea, ndogo tu, mlinzi alituma maneno niliyokuwa nimemwandikia: HATARI. TOVUTI IMEANGUKA. CHUKUA HATUA SASA. Mzee wakati huo alikuwa sebuleni na wakwe waliokuja kuongea habari za mahari ya mjukuu wake. Alisoma, akasimama. Wakwe wakamtazama uso, nao wakasimama. Mmoja akachukua fimbo. Ilichukua muda mrefu kuwarudisha vitini.

Kesho yake akaja kwangu kwa miguu.

"Venanti, kwenu Mbuba mtu akifiwa akiwa safarini mnamwambiaje?"

"Tunamwambia mgonjwa amezidiwa, aje nyumbani."

"Akifika?"

"Anakaribishwa. Anapewa kiti."

"Anapewa kiti. Halafu?"

"Halafu wazee wanamwambia taratibu."

"Sasa hiyo mashine yako imelelewa na nani?"

Nimekulia katika mila za Wahangaza wa Ngara mimi. Nyumbani kwetu huwezi kumwuliza mtu jembe kabla hujauliza watoto, mvua na ng'ombe. Nikaona aibu kwamba nimezaa kitu kisicho na malezi. Nikakaa chini nikaiandika meseji upya. Hii hapa, na ninaikumbuka kama sala:

"Shikamoo Mzee wangu. Habari za tangu jana? Pole na kazi na pole na mvua. Huku kwenye tovuti ya ushirika hatujambo, kwa neema za Mungu tunaendelea vizuri tu. Ila kuna jambo dogo la kukujulisha." Ndipo inafuata hitilafu yenyewe.

Mke wangu Editha aliisoma begani kwangu.

"Unamwandikia mkwe?"

"Ni mashine hii."

"Mashine inaumwa?"

"Ikiumwa ndiyo itasema hivi."

"Ikiumwa ndiyo itasema haijambo," akasema, akaenda zake jikoni. Alikuwa ameniambia kila kitu kwa sentensi moja. Mimi nikaona ananitania tu.

Skripti ni skripti. Meseji ile nikaiweka ndani yake, ikasambaa kwenye tovuti zote nilizosimika, kila moja na jina lake. Nilijua kwamba meseji ndefu inakatwa vipande viwili. Nikajisemea vitafika vyote. Sikuwaza kwamba simu ya Mzee Ildefonsi imejaa, kwamba inapata nafasi ya kumeza kipande kimoja kwa taabu, na kwamba kipande cha kwanza kinaishia kwenye maneno "vizuri tu". Kwenye simu ile hakuna "ila". Kuna salamu peke yake.

Baada ya muda nikastaafu. Macho yalikuwa yamechoka, na pia nilikuwa nimechoka kuamshwa na simu. Siku hiyo nikaiondoa namba yangu kwenye tovuti zote, nikawaambia wateja, "Mashine itawaambia wenyewe. Ikiwaambia, nipigieni." Nilijiona kama mzee anayeigawa mifugo kwa wanawe kabla ya kufa. Kumbe nilikuwa nimetoroka zamu.

Zikaja oda za mvua za vuli. Mimi niliagiza siku ya kwanza kabisa, maana mwenye jiko haogopi foleni. Siku chache baadaye, tovuti ikajaa. Na kilichojaza nafasi si oda, ni mwandishi wangu wa hitilafu. Nilimfundisha kuandika kila kitu, sikumfundisha kutupa cha zamani. Aliandika na kuandika, vikwazo vidogo visivyo na maana, mpaka hakuna pa kuweka oda ya mtu. Ukurasa ulifunguka kama kawaida. Mkulima aliandika jina, akabonyeza, na tovuti ikamjibu "Asante, oda yako imepokelewa." Neno hilo nililiweka mimi, na nililiweka litokee hata kama hakuna kilichopokelewa, kwa sababu sikupenda mteja aone maneno ya kuudhi.

Mlinzi wangu, kule nje alikohamishiwa na Asteria, aliiona hitilafu saa ileile. Alijaza fomu ya majaribio, akachungulia, hakuna kitu. Akafanya kazi yake, akamtumia mwenyekiti meseji. Akarudia, na kurudia.

Siku ya gulio nikakutana na Mzee Ildefonsi penye wauza maharage. Akanyoosha kitochi chake juu ili watu wakione.

"Venanti, mashine yako siku hizi inanikumbuka kweli. Asubuhi shikamoo, mchana shikamoo, jioni shikamoo. Mimi nina wajukuu wana simu kubwa kama sinia, hakuna hata mmoja anayenisalimia hivi."

"Na wewe unaijibu, mzee?"

"Naijibu. Utaachaje shikamoo bila marahaba?"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja muuza maharage akasema, "Fundi, na mimi niwekee hiyo, mume wangu hanisalimii." Nikacheka kuliko wote. Nikasema, "Mambo ya mafundi wa zamani hayo."

Mimi ndiye niliyeandika programu ile. Nilijua kwamba haina sababu nyingine duniani ya kumtafuta mtu isipokuwa kuna kilichoharibika. Mzee alinieleza ugonjwa wote, dalili baada ya dalili, nami nikasikia sifa tu. Mara nyingi tunasema hatukuambiwa. Mimi niliambiwa, na nikashika tumbo kwa kucheka.

Lori likaja. Tulikusanyika mbele ya ghala la ushirika, mtunza ghala akaita majina, kila mtu akachukua mafungu yake. Pembeni alisimama Mama Koleta wa Nyamigogo. Ni mjane, wazazi wake walivuka kutoka Burundi na kutulia hapa, naye ni mkulima ambaye ukipita shambani kwake hata njia inaonekana imefagiliwa. Alikuja na baiskeli na kamba. Mafungu yakaisha, lori likafunga mlango, naye bado amesimama na kamba yake mkononi.

"Mama Koleta, habari za Nyamigogo?" nikamwuliza.

"Nzuri, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto?"

"Hawajambo."

Nikafunga mafungu yangu, nikaondoka. Nilifika nyumbani nikayalaza kivulini nyuma ya nyumba na kuyafunika kwa majani ya migomba, nikasema nitapanda kesho.

Sikupanda kesho, wala kesho kutwa. Nilikuwa naumwa uvivu. Siku ya tatu Editha akarudi kutoka jumuiya ya kanisa, akaketi bila kuvua kitenge.

"Koleta amerudi mikono mitupu."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye lori. Hakuitwa."

"Hakuagiza labda."

"Ameagiza kwa simu ya shemeji yake, na ikamwambia asante. Tena si yeye peke yake. Na alishang'oa, Venanti. Bwana shamba aliwaambia wang'oe na wachome kabla mbegu haijaja. Yeye amechoma mpaka shina la mwisho. Ana udongo mtupu."

Nikachukua simu, nikaingia kwenye tovuti, nikajaza oda ya uongo. Ikaniambia asante. Nikaenda kuitafuta nyuma, haipo. Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua kuna jasho. Nikampigia Asteria. Yeye ana mikono myepesi. Hata sijamaliza kueleza akawa ameingia kwenye seva.

"Imejaa, mzee. Mwandishi wako ameandika mpaka ukutani. Nafuta za zamani sasa." Nikasikia vidole vikibofya. "Oda za siku hizo hazimo. Hazikuandikwa popote, hatuwezi kuzirudisha. Lakini mbona mlinzi hakusema?"

"Alisema."

"Alisema kwa nani?"

"Kwa mwenyekiti."

"Alisemaje?"

Nikamsomea. Nilianza na shikamoo, nikapita kwenye pole na mvua, nikafika kwenye neema za Mungu, na kadiri nilivyosoma sauti yangu ilikuwa inapungua. Nilipofika kwenye jambo dogo la kukujulisha, akanikatiza.

"Mzee," akasema, "huyo si mlinzi. Huyo ni mgeni."

Nilikwenda kwa Mzee Ildefonsi, na njiani nilitunga namna ya kuanza. Nikamkuta anapukuchua mahindi. Nikasema shikamoo, akaitikia. Nikauliza habari za nyumbani, akasema nzuri. Nikauliza mvua. Akaweka gunzi chini.

"Venanti, una nini?"

Nikamweleza. Alichukua kitochi chake, akaanza kuzifungua zile salamu moja moja, midomo ikitembea. Mzee yule hakuwahi kunipigia kelele, wala siku hiyo hakupiga. Alisema tu, "Na mimi nilikuwa najibu," akaiweka simu mfukoni kama mtu anayeficha kitu cha aibu. Nilitamani anitukane.

Tukakubaliana hivi. Waliokosa watangaziwe kanisani na msikitini, waje ghalani waseme. Waliopata waombwe kila mmoja atoe kidogo. Bwana shamba akatusaidia: kwa kuwa ardhi ilikuwa imelowa vizuri, pingili ndefu inaweza kukatwa fupi zaidi, mradi kila kipande kina macho ya kuchipulia ya kutosha, na ipandwe siku hiyohiyo ya kukatwa. Mti mmoja ukalisha mashimo mengi kuliko tulivyozoea. Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuomba akapewa Fundi. Mzee Ildefonsi aliweka sharti moja. "Useme shida kwanza. Salamu wasalimie baadaye."

Hamjui ugumu wa sharti hilo mpaka mlijaribu. Nyumba ya kwanza nilifika mlangoni nikasema, "Nimeharibu, naomba pingili," na mwenye nyumba akatoka mbio akidhani nimechanganyikiwa. Nyumba ya pili ulimi uliteleza, shikamoo ikatoka yenyewe. Nyumba ya tatu mtu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fundi, mashine yako ina adabu kukuzidi," akanipa miti yake. Utani huo ninaula mpaka leo. Kuna ambao hawakunipa kitu, na walikuwa na haki. Pingili zao walizipata kwa kuwahi.

Niliporudi kuchukua mafungu yangu yaliyolala kivulini, ili niyapeleke kwa Koleta, niliyakuta hayapo. Editha alishayafunga kwenye baiskeli yangu, kamba imekazwa, na tairi ameijaza upepo.

"Sijasema nayapeleka," nikamwambia.

"Ulikuwa unataka kuyasalimia kwanza?"

Kwa hiyo ule uvivu wangu, mara moja katika maisha yake, ulifaa kitu. Ningekuwa mchapakazi, mafungu yale yangekuwa ardhini.

Mama Koleta alikuwa shambani. Udongo mwekundu, safi, matuta yamesimama tayari, na hakuna hata jani moja. Mahali alipochomea palikuwa bado peusi. Nilisukuma baiskeli mpaka ukingoni, na sharti lote la mwenyekiti likanitoka kichwani.

"Mama Koleta, habari za hapa?"

"Nzuri tu, Fundi. Shikamoo."

Alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya shamba tupu, mvua ikiwa inanyesha bure kwenye matuta yake. Nzuri tu. Nikajua meseji ile sikuitunga mimi; niliinakili tu kutoka kwetu sote.

Sikuitikia. Nikasema, "Oda yako niliipoteza mimi. Tovuti ilijaa, ikakudanganya. Siku ya lori nilikuona umesimama, nikakuuliza habari, sikukuuliza kamba ya nini."

"Ilinipa asante," akasema. "Nikamwambia shemeji, hii simu yako ina heshima. Nikaenda nikang'oa. Sasa Fundi, mtu anapewaje asante kwa kitu ambacho hakikupokelewa?"

"Asante hiyo niliiandika mimi."

"Ningekuwa nimeambiwa haikuingia, ningebonyeza tena. Au ningekuja kwa miguu. Miguu ninayo."

Kisha akashusha mafungu kutoka kwenye baiskeli, akayapima kwa jicho, akaanza kuyakata, vipande vifupi, macho yakiwa juu. Mimi nikachukua jembe lake la pili. Tulipanda mpaka pingili zikaisha, na zikaisha katikati ya shamba. Hata na michango ya wengine hazikufika ukingo wa pili. Nusu ile akaweka maharage, yakakubali, lakini maharage si muhogo. Hayakai ardhini kukungoja siku ya njaa. Mwaka uliofuata, miezi ambayo watu wengine wanachimba, yeye alichimba nusu. Nami nilikuwa nikipita njia ile nayaangalia yale matuta.

Tovuti tuliirekebisha na Asteria. Mwandishi sasa anatupa cha zamani kila wiki. "Asante" haitoki mpaka oda ionekane imekaa. Taarifa zinakwenda kwa watu watatu, na mmoja wao ni mimi; nimerudi zamu, kustaafu kumenishinda. Meseji yenyewe nimeiandika upya na kuiweka ndani ya skripti, ikasambaa kila mahali kama ile ya kwanza. Kwa ushirika inasema: "Oda haziingii. Mpigie Venanti sasa. Shikamoo." Salamu iko mwishoni kabisa, mahali ambapo ikikatwa haimuumizi mtu. Mzee Ildefonsi aliipima kwenye kitochi chake, akaona inaingia yote, akasema inapita. Halafu akanifutisha meseji zake zote za zamani, isipokuwa zile salamu. Alisema atakaa nazo.

Msimu uliopita, nikiwa napalilia, simu ikalia mfukoni. Nilidhani ni mlinzi. Ilikuwa meseji kutoka kwa Mama Koleta, ambaye siku hizi ana simu yake mwenyewe.

"Shina moja lina majani yamejikunja. Lipo tuta la pili toka njiani. Shikamoo."

Nilichukua jembe na kiberiti. Marahaba nilimwitikia nikiwa tayari kwenye baiskeli.